Siku Waliyosema Sipo

Mume wangu ni mwalimu wa fizikia, na kwake jiwe ni jiwe hata kama hakuna wa kulitazama. Mimi nafundisha Kiswahili na historia. Chuoni nilisoma falsafa ya elimu kwa mapenzi ambayo wenzangu waliyaona kama ugonjwa. Wao walikariri ili wafaulu: udhanifu unasema hivi, uyakinifu unasema vile, udhanaishi una lake, kisha wakatoka kwenye chumba cha mtihani wakaviacha vyote juu ya dawati. Mimi nilitoka navyo. Ninavyo hadi leo, na vimeniletea ugomvi mwingi mtamu, ukiwemo ule ulionipatia mume.

Ulianza Biharamulo mjini, asubuhi moja ya masika. Kutoka ofisi ya walimu tulikuwa tunaliona boma la Wajerumani pale kilimani, na asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umelifunika lote, kuta na mapaa. Nikachungulia dirishani nikasema leo boma halipo. Nilisema tu, kama mtu anavyosema leo chai haina sukari. Kwenye kona alikuwa amekaa mwalimu mgeni aliyeripoti juzijuzi, mrefu, mkimya, anasahihisha madaftari. Hakuinua hata kichwa.

"Lipo," akasema.

"Unaliona?"

"Silioni. Lipo."

"Umejuaje?"

"Panda kilima ukimbie moja kwa moja bila kusimama. Kichwa chako kitakuletea jibu."

Ofisi nzima ikacheka. Mimi hasira zangu ziko karibu, zinafika haraka na kuondoka haraka, na siku hiyo zilifika kabla ya kengele ya kipindi cha kwanza. Nikavuta kiti mbele ya meza yake nikamweleza udhanifu kwa kirefu: kwamba tunachokijua kwa hakika ni yale yaliyomo akilini mwetu, picha, sauti, mguso, kumbukumbu. Boma unalolijua wewe ni rangi uliyoiona na ubaridi wa ukuta ulioushika. Ondoa kuona, ondoa kushika, ondoa kukumbuka, ondoa kila akili iliyowahi kuliwaza, halafu niambie kimebaki nini pale kilimani.

Akafikiri. Nilimwona anafikiri kwa dhati, kalamu imesimama.

"Mawe," akasema.

Nilimchukia mpaka saa nne, wakati wa chai. Baada ya hapo nikawa namtafuta ili nimshinde, na hilo ndilo lililoniponza. Tulibishana tukienda sokoni, tukirudi kutoka sokoni, tukisimamia mitihani huku tunatoleana macho juu ya vichwa vya wanafunzi. Nilimwambia mtu anayeota hajui kwamba anaota, kwa hiyo hata sasa hivi huenda tunaota. Akajibu kwamba hajawahi kuumwa na siafu ndotoni wakaendelea kumuuma baada ya kuamka. Nilimletea udhanaishi, nikijua hapo nitampata: kwamba mtu kwanza yupo tu, hakuja na maana yake mfukoni, na kwa kuchagua na kutenda ndipo anajifanya kuwa mtu fulani. Akasema ng'ombe wa baba yake hawajichagulii kuwa ng'ombe. Nikamwambia yeye si ng'ombe. Akasema anajua, ila amekua nao.

Likizo ya Desemba nilikwenda kwetu Rulenge, yeye akabaki Biharamulo. Niliporudi alikuja kunisalimia, akakaa mlangoni, akazungumza huku anatazama viatu vyake.

"Ulipokuwa kwenu nilikuwa nasonga ugali wa watu wawili," akasema. "Si mara moja. Sikuoni, sikusikii, mtandao wa kwenu unakatika kila saa, lakini mkono unapima unga wa watu wawili. Sasa nyinyi wadhanifu hilo mnaliitaje?"

Nilikuwa na majibu ya kutosha kujaza ubao. Niliyaacha yote. Nilimtazama yule mtu wa mawe nikajua nitaolewa naye, na nilifurahi kiasi kwamba niliunguza maharage.

Sasa lazima niwaeleze kwetu, maana bila hivyo hamtaelewa kilichotokea.

Nyumbani ni mbele kidogo ya misheni ya Rulenge, kwenye migomba na kahawa. Mama ni Mhangaza, mwenyeji wa hukohuko. Baba na ndugu zake asili yao ni Burundi. Baba alivuka mto Ruvubu akiwa mgongoni mwa bibi, na kaka yake, yaani baba mkubwa, alivuka kwa miguu yake mwenyewe. Kwa sababu ya miguu hiyo baba mkubwa hujiona anajua mambo ya asili kuliko baba, na baba, ambaye ni mtu wa maneno machache, amemwachia.

Kwa watu wetu siku ya posa ni siku ya maneno. Wageni wanakaa upande mmoja, wenyeji upande wa pili, na msemaji wa wageni anasema wamekuja kuomba mke. Msemaji wa wenyeji anakana. Anasema binti hakuna, au alikuwepo lakini ameolewa zamani, au yupo lakini bado ananyonya. Mgeni anatakiwa abembeleze. Asifu ukoo, asifu migomba, amzunguke mwenyeji kwa maneno matamu, ashindwe, arudi tena kwa njia nyingine, mpaka mwenyeji ajikune kichwa na kukumbuka kwamba kweli, kuna msichana mmoja huko ndani. Watu hucheka mpaka machozi, na ukoo unaokana vizuri husifiwa miaka. Baba mzazi hasemi neno siku nzima. Anakaa tu, anasemewa. Na binti mwenyewe anafichwa chumbani na shangazi yake mpaka aitwe. Akijitoa mwenyewe kabla ya kuitwa, amemvua baba yake nguo mbele ya watu.

Mchumba wangu kwao ni Nyantakara, Wasukuma, watu wa mahindi na ng'ombe. Kwao posa ni shughuli ya wazi. Wanakaa, wanataja ng'ombe, wanabishana juu ya ng'ombe, wanamaliza, wanakula. Utani wanao, tena mkali, lakini una watu wake: unataniana na ukoo ulioukuta tangu kuzaliwa kuwa ni watani wenu. Hutaniani na mtu mliyekutana naye asubuhi ya leo.

Nilimwonya mchumba wangu mapema, naye akamwonya baba yake. Mzee alicheka. Alisema katika maisha yake hajaona mzazi wa kukana mwanaye mchana kweupe. Akakataa na habari ya kutafuta msemaji, akisema mdomo wake unamtosha. Nilikuwa nimeshasimuliwa habari za mzee huyo. Mnadani humwambia mnunuzi kasoro za ng'ombe wake kabla hajaulizwa: huyu anapiga teke, huyu jicho lake la kushoto lina shida. Hajui kusema uongo, na kwa kuwa yeye hajui, hadhani kama wengine wanajua.

Siku ikafika. Turubai lilifungwa mbele ya nyumba, karibu kabisa na ukuta wa chumba nilichofichwa, kwa hiyo nilisikia kila kitu hadi viti vya plastiki vikivutwa. Nyuma ya nyumba mama na majirani walikuwa jikoni. Mimi nilikuwa kitandani, nimevalishwa mishanana, vazi letu la Kirundi la kufunga begani, ya rangi ya kahawia yenye kung'aa, najiona mzuri na nimekaa kama niliyeambiwa nisipumue. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kigoda, mgongo umeegemea mlango. Shangazi hana l kinywani. Zote kwake ni r. Wakwe nao, kama nilivyogundua muda mfupi baadaye, hawakuwa na r. Ukituweka pamoja tunatimiza herufi zote.

Wageni walifika kwenye Noah ya kukodi na pikipiki mbili. Salamu zilipita, shikamoo na marahaba zikaisha, watu wakakaa. Nikasikia baba mkubwa anasafisha koo. Baba mkubwa ni katekista. Jumapili huwafundisha watoto amri ya nane, usiseme uongo, na siku za posa hukana mabinti wa ukoo mzima kwa sauti ileile.

"Karibuni sana," akasema. "Naona mmetoka mbali. Mmepotea njia?"

"Hapana, tumefika," ikajibu sauti nzito ambayo nilijua ni ya baba mkwe. "Tumemfuata binti."

"Binti yupi?"

"Binti yako. Wa nyumba hii."

"Mzee mwenzangu," akasema baba mkubwa kwa huzuni kubwa, "katika nyumba hii hatuna binti."

Upande wetu ukaanza kuguna kwa raha. 

"Hayupo kwa maana ametoka?" akauliza baba mkwe.

"Hayupo kwa maana hajawahi kuwepo."

"Lakini mwanangu anasema wanafundisha shule moja."

"Vijana huota. Mwanao ameota binti mzuri, akaamka, akamtafutia kwao. Bahati mbaya ndoto yake imeangukia kwetu."

Wetu wakacheka, mtu akajipiga kofi pajani. Shangazi akaziba mdomo kwa kanga. Na mimi nilicheka, kwa sababu nilikuwa nasikia udhanifu wangu mwenyewe, ule niliouhubiri ofisini Biharamulo, ukitolewa na katekista ambaye hajawahi kuingia chuo cha ualimu. Binti ni picha kichwani mwa kijana. Ondoa kichwa, binti hakuna. Baba mkubwa alikuwa amelisema kwa sentensi moja, mimi lilinichukua vipindi. Nilijiambia nitamtania mchumba wangu kwa hilo hadi uzeeni.

Nikawa nasubiri mgeni abembeleze. Badala yake nikasikia baba mkwe anageuka kwa mwanaye.

"Wewe, leo umemwona huyo binti?"

"Baba, yupo," akasema mchumba wangu kwa sauti ndogo, maana bwana harusi naye hatakiwi kusema mbele ya wazee.

"Nimeuliza umemwona."

"Leo sijamwona. Lakini baba, huu ni utani, nilikuambia..."

"Utani na watu ambao tumejuana leo?"

 Kiti kikavutwa.

"Wazee, samahani sana," akasema baba mkwe. "Tumewasumbua, mmefunga na tulubai. Sisi Nyantakala mtu akituambia kwake hakuna kitu, tunamwamini. Nyumba ni yake, ndiye anayejua vilivyomo. Habali ndiyo hiyo. Tunaludi."

Viti vyote vya upande ule vikavutwa kwa pamoja.

Nikashika ukingo wa kitanda. Nikamtazama shangazi, nikitegemea ameshtuka. Shangazi alikuwa anang'aa.

"Hawa ni mafundi," akaninong'oneza. "Sikiriza. Wanajifanya kuondoka. Tangu nizariwe sijaona watu wanaojua mchezo namna hii."

"Shangazi, hawajifanyi."

"Turia, mwanangu. Subiri uone watakavyorudi."

Na nje ilikuwa vilevile. Wetu walikuwa wanashangilia. Nilimsikia baba mkubwa akisema kwa furaha ya mtu aliyepata mpinzani wa kiwango chake, "Nendeni salama, mtusalimie huko," na watu wetu wakazidi kucheka. Upande mmoja ulikuwa unacheza na upande wa pili ulikuwa unaondoka, na katika watu wote waliokuwa pale tulikuwa wawili tu tuliojua: mimi na mchumba wangu. Yeye hakuruhusiwa kusema. Mimi sikuruhusiwa kuwepo.

Nataka kueleza nilivyojisikia, maana si jambo linalompata kila mtu. Nimefundisha na kubishana miaka juu ya nini hufanya kitu kiwepo, na siku zote nilikuwa upande wa anayetazama. Sikuwahi kuwa boma. Sasa nilikuwa mle ndani ya ukungu wangu nasikia watu wenye akili timamu wakikubaliana kwa heshima kwamba sipo, na kila mmoja ana sababu nzuri. Baba mkubwa anasema nimo ndotoni mwa mtu. Baba mkwe, myakinifu, mtu wa mawe kuliko mwanaye, anataka ushahidi, na ushahidi wote uliopo ni neno la mwenye nyumba. Nilijishika mkono. Niliukuta, tena una mafuta mazuri ya nazi, lakini huo mkono ungenisaidia nini kama nauona peke yangu? Nililionea huruma lile boma la Biharamulo, nililosema halipo kwa sababu tu silioni.

Mlango wa Noah ukafungwa. Injini ikawaka.

Kama ningebaki, wangekwenda. Mzee yule asingerudi kuuliza mara ya pili katika nyumba aliyoambiwa hakuna mtu; angeona ni kumwita mwenyeji mwongo. Na mchumba wangu asingeweza kurudi bila baba yake. Kama ningetoka, ningemwaibisha baba yangu mbele ya ukoo wote, baba ambaye hajawahi kuniinulia sauti. Ingekuwa vizuri kusema kwamba hapo nilifikiria udhanaishi, mtu na uchaguzi wake, ningepata heshima. Ukweli ni kwamba niliwaza tu kuwa Noah ile ikishafika lami ndiyo basi.

Shangazi alikuwa amekalia mlango. Dirisha lilikuwa upande wa migomba.

Sikumbuki vizuri nilivyopita. Nakumbuka shangazi akiita jina la Mama Bikira, na mishanana ikishikwa na komeo la dirisha na kuachia kwa sauti ya kuchanika. Nilikimbia peku kwenye migomba, majani makavu yananipiga miguu, nimeinua nguo hadi magotini, na nitasema kitu ambacho sijawahi kumwambia baba mkubwa: nilikuwa nafurahi. Nilikuwa naogopa kupita kiasi na nilikuwa nafurahi. Nilitokea barabarani mbele ya Noah, nikasimama katikati, mikono nimeitandaza, na dereva akakanyaga breki mpaka vumbi likatumeza sote.

Vumbi lilipotulia mlango ulifunguka. Akashuka mzee mwenye kofia ya pama, mrefu kama mwanaye. Nyuma ya kioo nilimwona mchumba wangu amejishika kichwa kwa mikono yote miwili, anacheka au analia, sikujua. Adabu kwanza. Nikapiga magoti palepale kwenye vumbi, kama nilivyoambiwa kwao wanavyofanya.

"Shikamoo baba."

"Malahaba." Akanitazama toka kichwani hadi kwenye vidole vya miguu vyenye udongo. "Wewe nani?"

"Mimi ndiye niliyesemwa sipo."

 Niliona anafikiri, kana kwamba na yeye ana kalamu iliyosimama. Nikajua mwanaye alikotoa ile tabia.

"Lakini upo," akasema.

"Nipo, baba."

"Kwa nini wamesema hupo?"

"Ni heshima. Wanakukatalia ili unitake zaidi. Kwetu ukitolewa mara moja unaonekana hukuwa na thamani nyumbani. Ulitakiwa ubembeleze."

"Kwa hiyo nilitakiwa nisimwamini."

"Ndiyo, baba. Siku hii moja tu."

Akageuka kutazama turubai, ambako watu wetu walikuwa wameanza kusimama na kunyoosha shingo.

"Na wao sasa hivi wanafikili nini?"

"Wanafikiri wewe ni fundi kuliko wote waliowahi kuja."

Kicheko cha mzee yule kilianzia tumboni. Kilimpanda taratibu, kikamtingisha mabega, mpaka akalazimika kushika boneti ya gari. Alipomaliza alijifuta macho kwa kofia, akaivaa sawasawa, akaniambia ninyanyuke, tukarudi kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma, wageni wote nyuma yangu.

Tulipoingia chini ya turubai vicheko vilikufa. Walimwona mzee, wakaniona mimi, peku, nywele zina majani ya migomba, mishanana imechanika ubavuni. Mama alikuwa ametoka jikoni na mwiko mkononi. Shangazi alikuwa mlangoni, mikono kichwani. Sikuthubutu kutazama alipokuwa amekaa baba. Nilitazama chini, nikasubiri kusikia nilivyoharibu.

Baba mkubwa ni msemaji, na msemaji hakubali kuishiwa. Akashika kola ya koti lake, akanitazama mimi aliyenipa jina la mama yake, akasema bila kupepesa:

"Wageni mmerudi. Huyu mliyekuja naye ni nani?"

Kilikuwa kitendo cha upendo, naomba mkielewe hivyo. Alikuwa ananifunika. Kama hanijui, basi hakuna binti wa nyumba hii aliyejitoa chumbani.

Baba mkwe akavua kofia.

"Hata sisi hatumjui," akasema. "Tumemwokota balabalani. Nikasema nipite hapa niulize, maana nyumba iliyo kalibu ni hii. Lakini wewe ulishaniambia hapa hamna binti, na mimi nakuamini." Watu wote wakaegemea mbele. "Sasa kwa kuwa hana kwao, na hana wa kumwomba, sisi tunaondoka naye hivihivi."

Turubai lote likalipuka. Wazee walipigana mabega, shangazi akakaa chini palepale mlangoni, mama akajifunika uso kwa mwiko. Baba mkubwa akaiachia kola yake. Alikuwa amefungwa kwa kamba aliyosokota mwenyewe: akisema nipo amekiri uongo, akisema sipo nimekwenda bila ng'ombe hata mmoja. Wageni wa Nyantakara, waliokuwa hawajui mchezo nusu saa iliyopita, walikuwa wanapeana mikono. Mchumba wangu alinitazama machoni kwa mara ya kwanza siku ile, na mimi nikacheka mpaka nikasahau hofu yangu.

Kwa hiyo sikumwona baba anasimama. Nilichoona ni vicheko vikipungua, upande mmoja kisha mwingine, na watu wakigeuza vichwa kuelekea kiti ambacho kwa desturi hakisemi. Baba alikuwa amesimama, mikono pembeni, suti yake ya harusi za watu imemlegea mabegani. Baba mkubwa akamgusa mkono amkumbushe. Baba akauondoa mkono huo taratibu.

"Ana kwao," baba akasema.

Hakusema kwa Kirundi, ambacho ndicho hutumia kwa mambo mazito. Alisema kwa Kiswahili, polepole, ili kila mtu asikie.

"Huyo ni mwanangu. Ana kwao, na kwao ni hapa."

 Mtu huyu alivuka mto mgongoni akiwa hajui kutembea, na maisha yake yote, kijiweni, mnadani, ofisini, ameulizwa kwao ni wapi. Kila mara nilimwona akitabasamu na kubadilisha mazungumzo. Sikuwahi kumsikia akilijibu swali hilo. Machozi yalinitoka bila kuniomba ruhusa.

Baba mkwe alimtazama. Kisha akabana kofia yake kifuani kwa mikono miwili, akainamisha kichwa.

"Basi ndiye tuliyemfuata," akasema.

Baba akavuta kiti kilichokuwa karibu yake, mahali ambapo mabinti hawakai siku hiyo, akakifuta vumbi kwa mkono wa koti lake. Akanitazama, na majani yangu kichwani, na miguu yangu.

"Kaa hapa," akasema. "Watu wakuone."